Mshale wako unasema nini? Jibu kuhusu mitandao yenye mielekeo

Swali la msomaji, kwa ufupi: Nina jedwali la barua pepe za ndani za taasisi moja kwa miezi 6, lenye mtumaji, mpokeaji na saa. Nimelijenga kama grafu yenye mielekeo: nodi 1,180 (kila nodi ni anwani) na mishale 9,400 hivi (kutoka kwa mtumaji kwenda kwa mpokeaji). Nilipopiga PageRank, kipimo cha umuhimu wa nodi kinachofuata mishale, iliyoongoza ni anwani ambayo haijawahi kutuma hata barua moja, na inapokea kutoka kwa watu 3 tu. Nilipofuta mielekeo, anwani hiyo ikazama na makundi yakajitokeza safi. Mwenzangu anasema niachane na mielekeo, inaleta vurugu tu. Je, kuna ubaya?

Ndugu yangu, ubaya upo. Mwenzako ameona kasoro ya kweli, ila ameitafuta mahali siko. Mielekeo yako haina hatia. Kilichokuponza ni kipimo kinachouamini mshale kuwa unasema jambo ambalo wako hausemi.

Kabla sijagusa hesabu yoyote, huwa naandika sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida: "Mshale kutoka A kwenda B maana yake ni kwamba…" Kisha nailazimisha ikamilike. Kwenye mitandao ya kijamii: A anamfuata B, kwa hiyo mshale unakwenda kwa B lakini machapisho yanatoka kwa B kuja kwa A. Kwenye makala za kisayansi: A inainukuu B, kwa hiyo mshale unarudi nyuma kwenye wakati, huku wazo likisonga mbele kutoka B. Wanaikolojia wanaochora nani anamla nani kwa kawaida huelekeza mshale kwa mlaji, kwa sababu nishati ndiko inakokwenda; mgeni angeuchora kinyume na asione kosa. Kwenye data yako: A amemtumia B barua. Basi. Hausemi A anamheshimu B, wala kwamba B aliisoma.

Ukishaiandika sentensi hiyo, uliza swali la pili: kitu ninachokifuatilia kinatembea na mshale au dhidi yake? Ukifuatilia taarifa, zinatembea na mshale wako. Ukifuatilia sifa au madaraka, huenda hazitembei kabisa kwenye mshale huo. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza wiki nzima kwenye kazi ya namna hii kwa sababu jedwali nililopewa lilianza na safuwima ya mpokeaji, si ya mtumaji. Kila kitu kilikwenda vizuri, picha zilipendeza, na kila hitimisho lilikuwa kichwa chini miguu juu. Programu haikulalamika, maana kwake mshale uliogeuzwa ni mshale halali kama mwingine.

Sasa tuje kwa hiyo anwani yako iliyopanda kileleni bila kufungua mdomo.

PageRank ya Sergey Brin na Larry Page wa Stanford, iliyochapishwa mwaka 1998, ilibuniwa kwa ajili ya kurasa za wavuti, na inasimama juu ya dhana moja: anayeweka kiungo anapiga kura. Mfikirie mtembezi asiye na mpango. Akiwa kwenye nodi fulani, anachagua mshale mmoja unaotoka hapo kwa bahati nasibu na kuufuata. Mara 85 katika 100 anafanya hivyo, na mara 15 anaruka kwenda nodi yoyote ile. Alama ya nodi ni sehemu ya muda ambao mtembezi anaonekana hapo. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba alama ya anayetuma hugawanywa kwa idadi ya mishale yake inayotoka. Mwenye alama kubwa na mishale 300 ya kutoka humpa kila mmoja chembe. Mwenye alama hiyo hiyo na mshale mmoja tu humkabidhi huyo mmoja karibu kila alichonacho.

Ninachokitarajia kwenye data yako ni hiki: kati ya wale watu 3 kuna mmoja anayeandikiwa na karibu kila mtu, lakini yeye haandiki ila kwa anwani hiyo. Mkuu anayepeleka barua zake zote kwenye anwani ya kumbukumbu, kwa mfano. Taasisi nzima inamimina alama kwake, naye anazimimina zote shimo moja. Ulipofuta mielekeo, mshale wake wa pekee ukageuka kuwa uzi mmoja kati ya nyuzi mamia zilizomzunguka, na anwani ikabaki na mgawo wa uzi mmoja. Ndiyo maana ilizama. Kwenye grafu isiyo na mielekeo PageRank hukaribia sana kuwa hesabu ya majirani tu, kwa hiyo ulichokipata baada ya kufuta ni karibu kile kile ambacho ungekipata kwa kuhesabu nani ana majirani wengi. Umetumia mashine kubwa kufanya kazi ya vidole.

Anwani isiyotuma ina shida yake nyingine pia. Chukua nodi nne: A kwenda B, B kwenda C, na kutoka C mishale miwili, mmoja kurudi A na mmoja kwenda D. D haitoi kitu. Mtembezi akianzia A bila ruhusa ya kuruka, kila baada ya hatua 3 nusu ya uwezekano wake imezama D na nusu imerudi A. Baada ya hatua 30 kilichobaki kwenye duara ni 1 kwa 1,024. Ruhusa ya kuruka iliwekwa kwa ajili ya mashimo na mitego ya aina hii. Kwa uwezekano wa 0.85 wa kufuata mshale, mtembezi hufuata kati ya mishale 5 na 6 kwa wastani kabla ya kuruka, kwa hiyo alama unazoziona zimetokana zaidi na mtaa wa karibu kuliko mtandao mzima. Ukibadilisha 0.85 kuwa 0.5 au 0.95 na mpangilio wa kumi bora ukaparaganyika, usiripoti kumi bora.

Je, ni kipimo gani kingefaa? Inategemea unauliza nini. Ukitaka kujua nani huanzisha taarifa zinazosambaa, geuza grafu kwanza (kwenye NetworkX, maktaba ya Python ya kuchambua grafu, ni `G.reverse()`) kisha pima, hapo wanaowaandikia wasambazaji wazuri ndio watapanda. Ukitaka kutofautisha wanaojua pa kupeleka habari na wanaopelekewa habari zote, kuna njia ya Jon Kleinberg, ya miaka hiyo hiyo ya mwisho wa 1990, inayompa kila mmoja alama mbili: ya kuelekeza na ya kuelekezewa. Mwelekezaji mzuri ni yule anayeelekeza kwa wanaoelekezewa sana, na kinyume chake, zikizunguka hadi zitulie. Kwa barua pepe mimi ningeanza na kitu cha chini zaidi: chora kila mtu kama nukta, mlalo ukiwa idadi anaowatumia na wima idadi wanaomtumia. Wastani wa pande zote mbili lazima ulingane, kwa kuwa kila mshale una mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Kwako ni karibu 8. Mtawanyiko ndio unaotofautiana, na kwenye picha hiyo mashine, anwani za matangazo na mashimo ya kumbukumbu hujianika zenyewe pembezoni.

Ondoa hizo kabla ya kuendelea, au angalau zitie alama. Na ukiwa hapo, shughulikia barua zilizotumwa kwa wengi. Barua moja kwa watu 200 ni mishale 200 kwenye jedwali lako, na inamfanya karani wa matangazo aonekane kiungo kikuu cha taasisi. Mimi huipa kila barua uzito wa 1 na kuugawa kwa wapokeaji wake, hivyo kila mmoja wa wale 200 anapata 0.005.

Turudi kwenye pendekezo la mwenzako, kwa sababu hasara ya kufuta mielekeo ina mfano mzuri sana.

Mwaka 2000 Andrei Broder na wenzake walichapisha uchambuzi wa wavuti kama ulivyokusanywa na AltaVista, injini ya utafutaji ya wakati huo, mwaka 1999: kurasa zaidi ya milioni 200 na viungo karibu bilioni 1.5. Ukipuuza mielekeo, zaidi ya kurasa 9 katika kila 10 zilishikana kwenye kipande kimoja. Mtu angefunga kitabu hapo na kutangaza kuwa wavuti ni kijiji. Walipoirudisha mielekeo, kijiji kikapasuka. Kurasa milioni 56 tu ndizo zilizokuwa kiini ambacho ndani yake unaweza kutoka popote kwenda popote na kurudi. Kulikuwa na kundi lingine, karibu milioni 44, linaloweza kuingia kwenye kiini lakini halifikiki kutoka humo, na jingine la ukubwa kama huo linalofikika kutoka kwenye kiini lakini halirudishi njia. Yaliyosalia yalikuwa matawi na vipande vilivyojitenga. Ukichagua ukurasa wa kuanzia na wa kufikia kwa nasibu, zaidi ya mara 75 katika 100 hakuna njia kabisa. Na pale ambapo njia ipo, wastani wake ulikuwa viungo 16 hivi, dhidi ya 6 hivi ukipuuza mielekeo. Data ni ile ile. Kilichobadilika ni heshima kwa mshale.

Kipimo chenyewe kinaitwa mshikamano imara: nodi mbili ziko kundi moja ikiwa ya kwanza inaifikia ya pili na ya pili inaifikia ya kwanza kwa kufuata mishale. Mshikamano legevu ndio ule unaopuuza mielekeo. Robert Tarjan alionyesha mwaka 1972 kwamba makundi yote ya mshikamano imara yanapatikana kwa kuipitia grafu mara moja tu, kwa muda unaokua sambamba na jumla ya nodi na mishale, kwa hiyo kwenye data ya ukubwa wako ni suala la kupepesa jicho. Fanya hivyo leo: `nx.strongly_connected_components(G)`. Kisha likunje kila kundi liwe nodi moja kwa `nx.condensation(G)`. Utakachobaki nacho hakina duara hata moja, kwa hiyo unaweza kukipanga kutoka juu kwenda chini, kila mshale ukishuka. Kwa barua pepe za ofisi hiyo mara nyingi ni picha ya kueleza zaidi kuliko orodha yoyote ya alama: kiini cha watu wanaojibizana, juu yao wanaotoa tu, chini yao wanaopokea tu. Anwani yako ya ajabu itakuwa chini kabisa, peke yake.

Tahadhari moja. Mshikamano imara ni dhaifu kwa kelele: barua moja iliyotumwa kimakosa inaweza kuunganisha makundi mawili makubwa. Rudia hesabu ukibakiza tu mishale yenye barua 2 au zaidi, kisha 5 au zaidi, na uone kiini kinavyopungua. Na kwenye mitandao mingine kipimo hiki hakina la kukuambia. Makala ya kisayansi hainukuu makala ambayo haijaandikwa, kwa hiyo mtandao wa nukuu karibu hauna maduara na kila makala hubaki kundi la peke yake. Huko pia PageRank hupendelea wazee, kwa kuwa kila mshale unarudi kwenye umri. Hilo lina faida yake kama unatafuta asili ya wazo, na ni udhia kama unatafuta kazi mpya yenye uzito.

Kabla ya kuyaamini makundi yako "safi", pima kurudishiana: kati ya jozi za watu zenye mshale wowote, ni ngapi zina mishale ya pande zote mbili? Watafiti wa chuo kikuu cha KAIST, Korea Kusini, walipochambua Twitter mwaka 2010, wakiwa na watumiaji milioni 41.7 na mahusiano bilioni 1.47, waliona ni 22.1% tu ya jozi zilizofuatana pande zote. Nyingine zote zilikuwa za upande mmoja. Kufuta mielekeo kwenye mtandao kama huo ni kudai kwamba mtu maarufu na shabiki wake ni marafiki. Kwako, kama mishale 9,400 ingetupwa ovyo kati ya nodi 1,180, uwezekano wa mshale wowote kuwa na wa kuujibu ungekuwa chini ya 1%. Ofisi halisi hujibizana zaidi ya hapo. Ukikuta sehemu kubwa sana ya jozi zako ni za pande mbili, basi mwenzako ana hoja: mwelekeo unaongeza kidogo, na unaweza kuufuta kwa sehemu ya kazi yako bila kujidanganya. Ukikuta kinyume, hoja yake imeanguka. Kumbuka tu kwamba swali hili hujibiwa kwa namba; ladha ya picha haitoshi.

Kuhusu usafi wa makundi, samahani kwa ukali, lakini usafi si ushahidi. Algorithimu za kutafuta makundi hupata makundi hata kwenye mtandao uliotengenezwa kwa bahati nasibu tupu. Isitoshe, nyingi zilibuniwa kwa nyuzi zisizo na mwelekeo. Amri ya kutafuta makundi `cluster_louvain` ya igraph, maktaba nyingine ya grafu, inaikataa kabisa grafu yenye mielekeo, na watu wengi huifuta mielekeo si kwa kufikiri bali kwa sababu programu imewagomea. Kwenye grafu yenye mielekeo neno "kundi" lina maana zaidi ya moja, na lazima uchague. Kuna kundi la watu wanaoandikiana wao kwa wao. Kuna kundi la watu wanaowaandikia watu wale wale, hata kama wenyewe hawajawahi kuandikiana. Na kuna la watu wanaoandikiwa na watu wale wale. Wachambuzi wa maandiko ya kisayansi walizitenganisha hizi mbili za mwisho zamani: M. M. Kessler mwaka 1963 alizifunganisha makala zinazonukuu vyanzo vya pamoja, na Henry Small mwaka 1973 akazifunganisha makala zinazonukuliwa pamoja. Ukiwa na matriksi (jedwali la namba) ya mishale, ambapo safumlalo ni watumaji na safuwima ni wapokeaji, kuizidisha kwa pinduo lake (safumlalo zikigeuzwa kuwa safuwima) kunakupa moja, na kuzidisha pinduo kwanza kunakupa nyingine. Ukifuta mielekeo kwa kujumlisha tu matriksi na pinduo lake, unayachanganya yote chungu kimoja. Mimi kwa data ya ofisi ningejaribu Infomap, algorithimu ya kutafuta makundi iliyotolewa na Martin Rosvall na Carl Bergstrom mwaka 2008, kwa sababu inatafuta mahali ambapo mtembezi wetu wa nasibu hukwama kwa muda mrefu, na mtembezi huyo anaheshimu mishale.

Vyovyote utakavyochagua, linganisha na mtandao uliovurugwa. Chukua mishale miwili, A kwenda B na C kwenda D. Badilishana vichwa viwe A kwenda D na C kwenda B. Ukipata mshale unaojirudia au unaojielekea wenyewe, acha na uchague jozi nyingine. Rudia mara nyingi, walau mara 10 ya idadi ya mishale. Kila mtu anabaki na idadi ile ile ya kutuma na ya kupokea, lakini nani kwa nani imevurugika. Tengeneza mitandao 100 ya namna hiyo na upime kile kile ulichopima kwenye halisi. Kama ukubwa wa kiini chako au ubora wa makundi yako unafanana na ya mitandao iliyovurugwa, ulichokiona kimetokana na wingi wa barua za watu fulani, si mpangilio wao.

Una safuwima ya saa na hujaitumia. Hapo ndipo mimi ningekuwa na wasiwasi zaidi kuliko kwenye PageRank. A akimwandikia B Jumanne, na B alimwandikia C Jumatatu, grafu yako inaonyesha njia kutoka A hadi C kupitia B, ilhali hakuna habari ya A iliyoweza kupita hapo. Kwenye miezi 6 iliyobanwa kuwa picha moja, njia za uongo za aina hii zimejaa. Igawe data kwa wiki au kwa mwezi na uone kama kiini kinabaki na watu wale wale. Kama swali lako linahusu usambaaji hasa, hesabu njia zinazopanda kwa saa pekee.

Kuna mitego michache ya NetworkX ambayo huenda imeshakunasa tayari. `from_pandas_edgelist` hukujengea grafu isiyo na mielekeo usipoandika `create_using=nx.DiGraph`, na haikuonyi. `DiGraph` hubakiza mshale mmoja kwa kila jozi, hivyo barua 40 kutoka A kwenda B zisipojumlishwa kabla zinakuwa mshale mmoja wenye uzito wa safumlalo ya mwisho. `closeness_centrality` hupima umbali wa kuingia, yaani jinsi wengine wanavyokufikia. Ukitaka wa kutoka, geuza grafu kwanza. Na uzito una tabia ya kugeuka maana: PageRank huuchukulia uzito mkubwa kuwa mvuto mkubwa, lakini vipimo vya njia fupi huuchukulia kuwa umbali mrefu. Ukiingiza idadi ya barua kama ilivyo, wanaoandikiana kila siku wataonekana kuishi mbali kuliko walioandikiana mara moja.

Ukirudi kwenye kompyuta, usianze na PageRank tena. Wafuate wale watu 3 wanaoiandikia anwani yako, hesabu kila mmoja wao anawaandikia wangapi wengine, na unijulishe kama mmoja wao ana mshale mmoja au miwili tu ya kutoka. Halafu badilisha majina yote yawe namba kabla ya kumwonyesha mtu mwingine jedwali hilo, mwenzako akiwamo: mishale ikipangwa vizuri humtambulisha mtu hata asipotajwa, na waliotuma barua hizo hawakuombwa ruhusa ya kuchorwa.